Saksafoni ya mtumba mtandaoni: Usilipe kabla haijapulizwa

IKIWA uko Migori mjini, Awendo, Oyugis au Mbita na kila usiku unaperuzi simu ukitafuta saksafoni, klarineti au filimbi ya mtumba, hebu acha kuperuzi kidogo tuongee.

Tangazo lenyewe unalijua. Picha mbili, saksafoni imelazwa kitandani, inameta kama dhahabu ya Macalder. Maneno ni machache: “Alto, ex-UK, iko fiti, bei tunaongea.” Ukipiga simu unaambiwa kuna watu watatu wanaitaka, kwa hivyo tuma hata nusu ya pesa uwekewe.

Msimamo wetu ni huu: ala ya kupuliza ambayo hakuna mtu wa upande wako ameipuliza bado haijafikia hatua ya kulipiwa. Iwe imetoka Uingereza, iwe ilikuwa ya kanisa, iwe ya marehemu babu ya muuzaji, kwanza ipulizwe na uisikie.

Hatusemi mtumba ni mbaya. Tumevaa mitumba tangu utotoni na tunajua shati zuri la Gikomba linaweza kushinda jipya la dukani. Kwa ala za muziki ni vivyo hivyo. Saksafoni ya zamani iliyoundwa vizuri na kutunzwa hushinda mpya ya bei ya kutupa. Tofauti ni kwamba shati likichanika unaona kwa macho, na fundi wa cherehani yuko hapo nje ya duka. Saksafoni huficha ugonjwa wake ndani, na fundi wake ni adimu.

KOSA LA HUKU KWETU NI GHALI ZAIDI

Eneo la ziwa halijawahi kukosa muziki. Kuna nyatiti, kuna orutu, kuna ohangla. Orutu ikikatika uzi, kuna mzee kijijini anayejua kuirekebisha, na vifaa vyake haviagizwi ng’ambo. Benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz ilisimama juu ya gitaa, na mtu wa kubadilisha nyuzi za gitaa hutamkosa mjini.

Saksafoni ni mambo mengine. Ile sauti iliyomfanya Verckys Kiamuangana Mateta ang’ae katika OK Jazz ya Franco, kabla hajaanzisha bendi yake ya Orchestre Vévé mwishoni mwa miaka ya 1960, hutoka kwenye bomba lenye mashimo zaidi ya 20. Kila shimo lina kifuniko, na chini ya kila kifuniko kuna kibandiko laini cha ngozi ambacho mafundi hukiita pedi. Kila pedi lazima izibe shimo lake bila kuacha nafasi hata ya unywele. Moja ikivuja hewa, noti zote zilizo chini yake huanza kukohoa. Juu ya hapo kuna springi, skrubu na fito ndogo ndogo zinazotegemeana. Ukipinda fito moja, vifuniko viwili havifungi tena.

Sasa fikiria umetumiwa chombo kama hicho kwa basi la usiku kutoka Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 300, kisha asubuhi unakifungua Homa Bay na hakilii. Utampelekea nani? Fundi wa redio atakuangalia tu. Fundi wa pikipiki anaweza kukaza skrubu, lakini pedi hajawahi kuiona. Kijana wa Nairobi akinunua mbovu, atapanda matatu na kurudi kwa muuzaji jioni hiyo hiyo. Wewe utapanda basi usiku mzima, na huenda ukifika muuzaji amezima simu.

Na pesa zenyewe si za mchezo. Ni za boda boda zilizowekwa mia mia, ni za omena, ni za kibarua cha miwa. Mara nyingine ni mchango wa kwaya nzima au wa kundi la vijana wanaotaka kuanzisha bendi ya harusi na matanga. Ala ikikataa kulia, aliyetumwa kuinunua ndiye hubebeshwa lawama, na urafiki wa miaka huvunjika kwa sababu ya pedi zilizokauka.

Jambo hili litazidi kuwa la muhimu. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari pevu, na moja ya njia tatu wanazoweza kufuata ni ya sanaa na michezo. Mwanafunzi aliyechagua muziki atahitaji ala mkononi. Wazazi wataingia mtandaoni, na matapeli nao watawasubiri hapo.

PIGA HESABU YOTE

Bei iliyo kwenye tangazo si bei ya saksafoni. Ni bei ya kuitoa nyumbani kwa muuzaji. Bei ya kweli ni ile utakayokuwa umelipa siku itakapolia vizuri mkononi mwako.

Chukua mfano wa kukadiria tu. Tangazo linasema Sh25,000. Inafika, inavuja. Unaipeleka Nairobi kwa fundi na unarudi, halafu unaenda kuichukua na unarudi tena. Tuseme nauli yote ni Sh6,000. Pedi zote kubadilishwa, tuseme Sh12,000. Kipulizio, yaani kile kipande unachotia mdomoni, kimevunjika ncha, unanunua kingine kwa Sh4,000. Matete na mkanda wa shingoni, Sh3,000. Saksafoni ya Sh25,000 imekuwa ya Sh50,000, na bado hujahesabu siku ambazo hukufanya kazi.

Kwa hivyo kabla ya kubishana bei, mpigie fundi mmoja wa Nairobi au Kisumu umuulize maswali matatu. Kubadilisha pedi zote za alto ni pesa ngapi? Kubadilisha moja moja ni ngapi? Aina hii ninayoitaja unakubali kuitengeneza? Majibu hayo ndiyo yatakwambia kama tangazo ni la bei nafuu au ni mtego. Saksafoni ya Sh40,000 iliyotoka kwa fundi juzi inaweza kuwa rahisi kuliko ya Sh20,000 iliyolala chini ya kitanda miaka kumi.

MANENO YA MUUZAJI YANA MAANA YAKE

“Haina shida, inataka usafi tu.” Usafi hufanywa na mwenyewe kwa kitambaa. Kama ingekuwa usafi tu, angeisafisha na kuongeza bei.

“Mimi sijui kuipuliza, lakini iko sawa.” Huenda ni mkweli. Labda aliirithi, labda aliinunua kwenye mnada. Lakini asiyejua kupuliza hawezi kujua kama iko sawa. Mwambie atafute mtu wa kuipuliza, au akubali wewe umlete wako.

“Ilikuwa inalia vizuri sana tulipoiweka.” Waliiweka lini? Ala ikikaa miaka bila kuguswa, ngozi ya pedi hukauka na kuwa ngumu, springi hushika kutu, na panya hawabagui sanduku.

“Ni ex-UK.” Hiyo inakwambia ilikotoka, haikwambii hali yake. Uingereza pia kuna ala zilizochoka, na pengine ndiyo sababu ilisafirishwa.

Kisha angalia picha. Mbili hazitoshi. Omba ya mbele, ya nyuma, ya pande zote mbili, ya shingo ikiwa imechukuliwa kutoka ubavuni, ya pedi kwa karibu, ya sanduku likiwa wazi, na ya nambari ya utambulisho iliyochongwa kwenye mwili. Katika picha moja awe ameweka kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo na jina lako. Ni dakika mbili tu kwa mtu ambaye ala iko naye. Mwenye picha za kuiba atakuwa na visingizio kibao: simu haina chaji, ala iko kwa shangazi, fundi amesafiri. Picha alizokutumia zipitishe kwenye Google Lens uone kama zimetoka kwenye tangazo la nchi nyingine.

Nambari hiyo ina kazi nyingine. Kampuni kubwa huhifadhi kumbukumbu za nambari zake, kwa hivyo inaweza kukusaidia kukadiria umri wa ala. Ukiona imekwaruzwa hadi haisomeki, au kuna alama ya shule iliyofutwa nusu, ondoka. Ala za shule na za bendi huibwa kama vitu vingine, na sheria ya Kenya humwandama pia anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kushuku.

JUA JINA LAKE LOTE

“Saksafoni ya Yamaha” halitoshi. Ni kama kusema “gari la Toyota.” Uliza ni modeli gani. Alto za wanafunzi kama YAS-275 na YAS-280, klarineti ya YCL-255, na filimbi ya YFL-222 zinajulikana na mafundi wengi, na vipuri vyake hupatikana. Za zamani kama Bundy, Vito na Buffet B12 zilitumika sana na wanafunzi Marekani na Ulaya, na nyingine bado zina nguvu. Hatukwambii ununue jina. Tunakwambia ununue kitu ambacho fundi akitajiwa hatauliza “hiyo ni nini?”

Jihadhari na zile za rangi ya waridi, buluu au kijani zisizo na jina, au zenye jina ambalo halipatikani popote. Si zote ni mbovu, lakini nyingi zina vitufe vya chuma laini kinachopinda kwa kidole. Leo fundi anakirekebisha, wiki ijayo kimepinda tena. Wengine hukataa kabisa kuzigusa.

Kuna mitego mingine ambayo hata muuzaji mwaminifu huenda haijui.

Wa kwanza ni saksafoni ya C. Ziliundwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1910 na 1920. Asiyezijua huziona kama alto au tenori, lakini zina ufunguo wake peke yake. Mara nyingi utaona herufi C karibu na nambari. Ni ala halali, ila vitabu vya alto na tenori havitakufaa ukitaka kupiga pamoja na wenzako, na kipulizio chake ni vigumu kukipata.

Wa pili ni ala za zamani zilizotengenezwa kwa sauti ya juu kuliko ya leo. Siku hizi bendi hupima noti ya A kwa hezi 440. Zile za zamani zenye herufi H, au maneno “High Pitch,” ziko juu ya hapo na hazirekebishiki kuwa sawa na kinanda cha kanisa. Hata ukijua kupuliza vipi, utasikika umekosea.

Wa tatu ni klarineti ya mfumo wa kale, unaoitwa Albert. Klarineti ya kawaida ya leo hufuata mfumo wa Boehm, na huwa na vitufe 17 na pete 6 zinazozunguka mashimo ya vidole. Hesabu kwenye picha. Ukikuta pete mbili tatu tu, huo ni mfumo mwingine, na mwalimu wako huenda hataweza kukufundisha.

Na kwa mwenye mtoto anayehitaji rikoda ya shule: hapo usihangaike na mtumba. Rikoda ya plastiki ni bei ya chini, nunua mpya. Muulize tu mwalimu kama anafundisha vidole vya Kibaroki au vya Kijerumani, kwa sababu zinafanana kwa macho na hazipigwi sawa.

MWILI WAKE UNASEMA NINI

Kwa saksafoni, anza na shingo. Itazame kutoka ubavuni. Mviringo wake unapaswa kuwa laini. Ukiona imebonyea upande wa chini au imelala kuliko kawaida, ilivutwa kwa nguvu au ilianguka, na sauti yake itasumbua. Mbonyeo mdogo kwenye mdomo mpana wa chini si tatizo kubwa. Mbonyeo ulio karibu na shimo ni tatizo, kwa sababu kifuniko hakitakaa sawa. Rangi iliyobanduka isikutishe, maana rangi haipulizwi. Lakini iliyopakwa upya hadi maandishi yaliyochongwa yamefifia iulizie: ilikuwa inaficha nini? Tafuta pia lehemu nene isiyo nadhifu. Hapo palivunjika.

Pedi ziwe laini na ziwe na alama ya duara iliyokaa katikati. Zikiwa nyeusi, ngumu kama ganda la njugu, au zimechanika pembeni, weka gharama yake kwenye hesabu.

Klarineti za hali ya juu hutengenezwa kwa mpingo, mti ule ule wa vinyago vya Wamakonde, ambao hutoka sana Tanzania na Msumbiji. Ni jambo la kufurahisha kwamba klarineti uliyotumiwa kutoka London huenda mti wake ulikatwa Lindi. Lakini mbao hupasuka hewa ikibadilika ghafla kati ya kavu na yenye unyevu, au zikiachwa juani. Tafuta ufa kwenye kipande cha juu, hasa kati ya mashimo madogo ya juu na kando ya nguzo zinazoshika vitufe. Ufa mwingine ni mwembamba kama uzi, kwa hivyo omba picha ya karibu kwenye mwanga wa mchana. Kwa anayeanza, anayebeba ala kwenye boda kutoka Ndhiwa hadi Homa Bay mjini juani na mvuani, sisi tunapendekeza klarineti ya plastiki ngumu. Haipasuki kwa hali ya hewa, na masikio ya harusini hayatajua tofauti.

Filimbi ya chuma ishike usawa wa jicho uitazame bila sehemu ya kichwa, au mwombe muuzaji arekodi akifanya hivyo. Bomba liwe limenyooka. Viungo vyake viingiane bila kulazimishwa na bila kulegea.

Kipulizio cha mtumba hakikufungi kununua ala, lakini kiangalie. Ncha yake ikiwa imemeguka hata kidogo, utahitaji kingine. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Usikichemshe, kwa sababu vile vyeusi vya mpira mgumu hupoteza umbo na rangi kwa joto. Tete la muuzaji litupe na ununue lako. Kwa anayeanza, nambari 2 hutosha.

ISIKIE KWA MASIKIO YAKO

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Omba simu ya video, si video iliyorekodiwa zamani. Kama ni video ya kutumwa, mpulizaji ataje jina lako na tarehe kabla ya kuanza.

Apulize noti zote kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, moja baada ya nyingine, bila kuruka na bila kukata video. Wimbo mtamu usikudanganye. Mpulizaji hodari anaweza kucheza nyimbo nzima akikwepa noti tatu mbovu. Noti zote maana yake ni zote.

Kisha arudie zile za chini kwa sauti ndogo sana. Saksafoni inayovuja hulia ukiipuliza kwa nguvu, lakini ukipunguza pumzi noti za chini hukwama, hugugumia au hurukia juu. Huu ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Baada ya hapo ashike noti moja moja huku simu nyingine yenye programu ya kupima sauti ikiwa karibu. Kuyumba kidogo ni kawaida. Noti moja ikiwa mbali kabisa na jirani zake, kuna kifuniko ambacho hakifunguki au hakifungi vizuri.

Kama ni usiku, tumia ujanja wa taa. Achukue zile taa ndogo za Krismasi za waya mwembamba, azitelemshe ndani ya saksafoni, azime taa ya chumba na afunge vifuniko taratibu. Mahali mwanga unapochungulia ndipo hewa inapotoroka. Kwa klarineti ni rahisi zaidi: kipande kimoja kimoja, aoshe, azibe mashimo kwa vidole na upande mmoja kwa kiganja, kisha anyonye hewa upande wa pili. Ikishika kwa sekunde kadhaa, pedi ziko sawa. Ikiachia papo hapo, inavuja.

Na vitufe vyenyewe? Avibonyeze mbele ya simu huku wewe ukisikiliza. Virudi haraka. Kelele nyingi za vyuma kugongana ni dalili ya kulegea.

TUMA MTU WAKO

Video husaidia, lakini haimshindi mtu aliyesimama hapo. Tafuta mtu anayepuliza, aliye karibu na muuzaji, na umlipe nauli na chakula cha mchana. Hiyo si pesa iliyopotea.

Wako wapi? Waliostaafu kutoka bendi za polisi, magereza na jeshi wametawanyika kote nchini, na wengi wako vijijini kwetu. Uliza kanisani, uliza mwalimu wa muziki. Jijini Nairobi kuna wanafunzi na walimu wa Kenya Conservatoire of Music, na kuna vijana waliolelewa kimuziki na Ghetto Classics, mradi ulioanza Korogocho mwaka wa 2008. Kijana wa Korogocho anayepuliza saksafoni ataijua mbovu kabla ya dakika kumi kuisha.

Mkutano uwe mchana, mahali pa watu. Pesa zitoke kwenye simu yako baada ya mtu wako kukwambia “iko sawa,” si kabla. Usidanganywe kwamba M-Pesa inaweza kurudishwa. Kurudisha muamala kumewekwa kwa ajili ya pesa zilizotumwa kimakosa, na kama mpokeaji ameshazitoa, utabaki ukifuata simu.

Kama hamna budi kutumiana kwa basi, andikianeni kwa ujumbe kila kitu: modeli, nambari, hali yake, bei, na kwamba ikifika tofauti na ilivyosikika, inarudi na pesa zinarudi. Shingo na kipulizio vitolewe na kufungwa peke yake, na sanduku lijazwe nguo ili ala isicheze ndani. Siku ya kuichukua, rekodi video ukifungua pale pale ofisini kwa basi.

SHERIA IKO UPANDE WAKO, LAKINI ITAKA USHAHIDI

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili kufaidika nazo. Kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya kuuza bidhaa, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Huhitaji wakili kwenda huko. Ikiwa ni utapeli wa waziwazi, ala haikuwepo kabisa, nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB.

Lakini hakimu atataka kuona ujumbe, picha, nambari na risiti ya muamala. Vijana wengi hufuta mazungumzo kwa hasira. Usifute chochote.

MWISHO, KWA WALIO NA UWEZO

Hatuwezi kumwachia kijana mzigo huu peke yake. Wauzaji waaminifu mpo, na mnaumizwa na matapeli kuliko mnavyodhani. Weka nambari, weka video, taja kasoro. Utauza haraka zaidi.

Makanisa yanayochangisha ala yasimtume mweka hazina pekee kwa sababu ndiye ana pesa. Mpulizaji aende naye.

Na serikali za kaunti za Migori na Homa Bay, pamoja na vyuo vya kiufundi vilivyo chini ya macho yenu: mnafunza uchomeleaji, umeme na magari. Kufunza vijana wawili watatu kubadilisha pedi na kunyoosha vitufe ni kazi ndogo ikilinganishwa na hizo. Chuo Kikuu cha Rongo kiko hapa, Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko hapa. Shule za muziki wa sekondari pevu zitahitaji fundi wa karibu, na fundi huyo atakuwa na kazi kutoka Isebania hadi Kendu Bay.

Hadi siku hiyo, msomaji, jilinde. Leo usiku ukirudi kwenye lile tangazo, usiulize bei ya mwisho kwanza. Mwandikie muuzaji hivi: “Boss, naomba picha ya nambari, na video mtu akiipuliza kutoka noti ya chini hadi ya juu.” Akituma, biashara imeanza. Akinyamaza, pesa zako bado ziko kwenye simu yako.